Mazishi bila amina

Kijitabu cha mazishi ya baba mdogo kilikuwa na kurasa nane, na ugomvi wote ulikuwa kwenye ukurasa wa sita. Hapo ndipo watu huandika "Mahubiri" na, chini yake, "Sala ya kufunga". Kwenye karatasi aliyoiacha marehemu mwenyewe, kwa mkono wake wa mwalimu wa hesabu, herufi zimesimama wima kama zilizopimwa kwa rula, paliandikwa: "Ukimya, dakika moja." Basi. Hakuna mchungaji, hakuna somo, hakuna amina.

Kijana wa kuchapisha pale mjini Kisumu alidhani ni kosa. Alinipigia simu mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama kuna karatasi iliyopotea. Mara ya pili alikuwa amekwisha kujaza mwenyewe, kwa nia njema kabisa, "Mahubiri: Mtumishi wa Mungu", akaacha nafasi ya jina. Nilimwambia afute. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwani alikuwa mtu wa aina gani?"

Alikuwa mtu wa Seme, kutoka upande huu wa barabara ya Bondo, aliyefundisha hesabu Nakuru zaidi ya miaka ishirini, akastaafu, akarudi nyumbani kufuga nyuki. Ndiye aliyenilipia karo. Mimi nafundisha Kiswahili huko huko Nakuru, na Jumapili huwa mkalimani kanisani: mhubiri anasema kwa Kiingereza, nami namfuata kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, mpaka jasho linatutoka sote wawili. Mimi ni muumini. Nasema mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Yeye hakuwa. Na kwa sababu nusu ya wageni wa mazishi walikuwa wanatoka Nakuru, wanafunzi wake wa zamani na walimu wenzake wasiojua Dholuo, lugha yetu ya Waluo, familia ilinipa maiki nitafsiri.

Watu walitafuta kidonda. Mtu asiposali, sisi huamini kuna jambo lilimpata: alifiwa na mtoto, alionewa na padri, alisoma kupita kiasi. Nilimwuliza siku moja tukiwa tunakagua mizinga. Akasema hakuna kilichotokea. Jumapili moja alikuwa anakariri imani kanisani, akajigundua anaikariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na tofauti ni kwamba jedwali anaweza kulihakikisha kwa kokoto. Hakukasirika. Alimaliza ibada, akasalimia watu, akaenda nyumbani. Mama mdogo aliendelea kwenda kanisani, na kila Jumapili mume alimpigia pasi kitambaa chake cha kichwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu nikiwa mtoto: pasi ya makaa, majivu yakipulizwa nje ya mlango, na mtu asiyeamini akinyoosha kwa uangalifu mikunjo ya kitambaa cha sala.

Usiku wa kupanga mazishi, wazee walikaa chini ya mwembe na hali ilikuwa nzito. Katika ukoo wetu, likizuka jambo la kaburi, jina la S. M. Otieno hutajwa kabla chai haijamiminwa. Otieno alikuwa wakili mashuhuri Nairobi. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wake wa Kiluo, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa huku mwili uko mochari, na mazishi yakafanyika Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baadaye. Wengi huikumbuka kama vita vya makabila mawili, au vya mwanamke na ukoo, na hayo yote yalikuwamo. Mimi humkumbuka shahidi mmoja. Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafalsafa aliyesomea Uppsala huko Uswidi, alipanda kizimbani kueleza mila za Waluo. Mahakama ya kisasa ilihitaji kujua walio hai wanawiwa nini na wafu wao, ikasikiliza mwanafalsafa.

Mzee mmoja alisema baba mdogo hawezi kuzikwa kama mbwa. Mwingine akasema tukikubali, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, itaangukia watoto. Mchungaji wa karibu alituma ujumbe kwamba kanisa lake halitafika ikiwa halitapewa nafasi. Sitamlaumu sana, alifanya alivyofundishwa. Mama mdogo alisikiliza yote hayo, khanga imefungwa kiunoni, kisha akasema maneno ambayo sikutakiwa kuyatafsiri kwa sababu wageni hawakuwapo, lakini nimeyatafsiri kichwani mara nyingi tangu hapo: "Nimeishi naye miaka arobaini na miwili bila kumlazimisha. Nianze leo, wakati hawezi kunijibu?"

Mjadala uliisha hapo.

Nilipokuwa naandaa ukalimani wa siku ile ndipo nilipokumbuka mazishi mengine niliyoyasoma zamani. Tarehe 9 Aprili 1991, mjini Zürich, watu walikusanyika katika kanisa la Mtakatifu Petro kumuaga mwandishi Max Frisch. Frisch hakuwa mtu wa dini. Aliacha maagizo: hakuna padri, hakuna baraka, hakuna amina. Waliohudhuria, wengi wao wasomi, hawakuwa watu wa kanisa. Hata hivyo alitaka kuagwa kanisani. Mwanafalsafa Jürgen Habermas alikuwapo, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuona ajabu yoyote siku ile. Miaka baadaye alilirudia tukio hilo na kuliona upya: mtu wa zama za sayansi, katika saa ya mwisho, alikuwa amekiri kwa kuchagua mahali kwamba zama zake hazijapata cha kuweka pale dini ilipokuwa ikisimama kando ya kaburi.

Habermas, Mjerumani mzaliwa wa 1929, kwa muda mrefu aliandika kana kwamba dini ni nyumba ya zamani ambayo akili ya binadamu imekwisha kuihama. Tarehe 14 Oktoba 2001, mwezi mmoja tu baada ya minara ya New York kuangushwa, alisimama Paulskirche mjini Frankfurt kupokea tuzo ya amani ya wachapishaji wa vitabu wa Ujerumani, akazungumzia imani na maarifa. Wengi walitazamia alaani ushupavu wa dini na kuketi. Badala yake alisema jamii za Magharibi zimeingia katika hali mpya: dola haifuati dini yoyote, lakini inajua kwamba dini haiondoki, na raia wasioamini wana jambo la kujifunza kwa wanaoamini. Januari 2004 aliketi Munich kujadiliana na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye mwaka uliofuata akawa Papa Benedikto wa 16. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 90, alitoa kazi ya majuzuu 2, zaidi ya kurasa 1,700, akifuatilia jinsi falsafa ya Ulaya ilivyolelewa katika mazungumzo marefu na imani.

Hakuwa peke yake. Peter Berger, mwanasosholojia ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa waliotabiri kwamba dini itafifia, alikuja kukiri mwaka 1999 kwamba walikosea: dunia ina dini kama ilivyokuwa, na mahali pengine zaidi. Charles Taylor wa Kanada, katika kitabu chake kikubwa cha 2007, aliuliza ilikuwaje mwaka 1500 katika Ulaya kutomwamini Mungu kulikuwa karibu muhali, na leo kumwamini ni uchaguzi mmoja kati ya mingi.

Nawaheshimu wazee hawa, na nasoma kazi zao kwa bidii. Lakini ukizisoma ukiwa Kisumu, au Nakuru, unahisi kama mtu anayepewa habari za nyumbani kwake na mgeni aliyechelewa kufika. Dini haijarudi kwetu kwa sababu haikwenda popote. Hata huo mshtuko wa 2001 uliowaamsha, sisi tulikuwa tumeshazika watu zaidi ya 200 wa Nairobi waliouawa na bomu la tarehe 7 Agosti 1998.

Hata neno lenyewe tunahangaika nalo. Wengine husema usekula, wengine hali ya kutofungamana na dini. Mtaani tunasema "ya kidunia": wimbo wa kidunia, mambo ya kidunia. Neno hilo limeshahukumu kabla hujamaliza kulitamka. Ukimwita mtu wa kidunia, hujasema haamini, umesema anakunywa. Baba mdogo hakunywa. Kiswahili hakikuwa na kiti cha kumketisha.

Katika fundisho la Habermas, kinachonigusa zaidi, kwa sababu ya kazi yangu, ni tafsiri. Anasema hivi, kwa ufupi. Katika gumzo la raia kwa jumla, muumini aseme kwa lugha ya imani yake, asibanwe. Lakini kuna kizingiti. Ukivuka mlango wa bunge, wa mahakama, wa ofisi ya serikali, sababu zinazotolewa lazima ziwe katika lugha ambayo raia yeyote anaweza kuipima, mwenye dini na asiye nayo. Kazi ya kutafsiri asiachiwe muumini peke yake. Asiyeamini naye ainame asikilize, akijua kwamba ndani ya lugha ile huenda mna kweli. Mfano wake maarufu ni binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu: fundisho hilo lilitafsiriwa likawa heshima sawa ya kila mtu, na leo hata asiyeamini hulisimamia. Sisi tunalo neno tayari: utu.

Naye ni mkalimani mwaminifu, maana anakiri hasara. Dhambi ilipotafsiriwa kuwa kosa la kisheria, kuna kitu kilidondoka. Mhalifu anaweza kulipa faini na kumaliza kifungo, lakini aliyeuawa hawezi kuombwa radhi, na matumaini ya ufufuo yalipoondolewa, pale yalipokuwa pakabaki pengo linalosikika.

Mtu wa kwanza kunionyesha hatari ya tafsiri hakuwa Mjerumani. Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Uganda, alifanya kazi hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960, katika idara ya chuo kikuu iliyohudumia watu wa nje ya chuo. Anasimulia kisa cha mwaka 1911. Mapadri wa Kiitalia waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana ile ya mapadri, kwa hiyo swali likawa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu kwamba hawajui, walizaliwa tu. Mapadri hawakutosheka, wakasisitiza. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu huweza kuzaliwa mzima, kisha kifua kikuu cha uti wa mgongo kikamkunja, akawa na kibyongo. Huyo kweli hufinyangwa. Na pepo anayeleta ugonjwa huo huitwa Rubanga. Basi akasema: Rubanga ndiye afinyangaye watu. Mapadri wakashukuru, wakaenda kuhubiri kwamba Rubanga ni Baba yetu wa mbinguni.

Kila Jumapili nikipokea maiki hukumbuka kisa hicho. Kila neno lililotoka katika vile vinywa lilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni kwamba aliyeuliza alikuwa na jibu lake mfukoni, na mkalimani hakuwa na nafasi ya kusema, "Subirini, swali lenyewe halikuvuka."

Basi nikarudi kwenye ukurasa wa sita, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo Habermas, kutoka Ujerumani, hakuwa na sababu ya kuliona. Kwao, anayepaswa kujitafsiri ni muumini. Kwetu ni asiyeamini.

Baba mdogo alijitafsiri maisha yake yote. Mkutano wa walimu ulifunguliwa kwa sala, aliinamisha kichwa. Harambee ya hospitali: sala. Chama cha wafuga nyuki kilipokutana kugawana asali, mtu aliambiwa "tuombee", na mara mbili aliyeambiwa ni yeye, kwa kuwa ndiye mzee pale. Aliniambia alichofanya: alisimama, akawashukuru waliofika, akawakumbuka waliofariki, akataja mvua, akaketi. Watu wakasema amina. Alitafsiri shukrani yake kwa lugha yao, nao wakaipokea bila kujua kwamba imetoka lugha nyingine.

Sensa ya 2019 ilipofika nyumbani kwake, mhesabuji alikuwa binti wa jirani. Alijaza umri, elimu, mifugo, akaruka swali moja. Baba mdogo akamwambia, "Hujaniuliza dini." Binti akacheka: "Mwalimu, si tunawajua hapa? Mama yuko kwaya." Akamwambia aulize. Akauliza. Akamjibu hana. Binti alishika kile kifaa chake muda mrefu bila kubonyeza, kisha akamtazama mama mdogo kama anayeomba ruhusa. Mama mdogo akasema, "Andika anavyosema." Katika hesabu iliyotoka, Wakenya waliosema hawana dini walikuwa zaidi kidogo ya 755,000, yaani asilimia 1.6, Wakristo asilimia 85.5, Waislamu 10.9. Kila nikiiona ile 1.6 namwona yule binti na kidole chake hewani.

Katiba yetu ya 2010 inafungua kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Wako wanaoona hapo mgongano. Mimi naona nchi iliyoandika ukweli wake wote miwili katika kitabu kimoja: ndivyo tulivyo, na ndivyo tusivyotaka kulazimishana. Shida ni kwamba ukweli wa kwanza tunauimba kila siku, na wa pili hatuukumbuki mpaka mtu afe.

Na tusidanganyane kwamba shaka ililetwa kwa meli. John Mbiti wa Kitui, padri na msomi, alifungua kitabu chake cha 1969 kwa kusema Waafrika ni watu wa dini kupindukia, na sentensi hiyo imenukuliwa mpaka ikawa kama kitambulisho. Odera Oruka hakuridhika. Katika miaka ya 1970 alianza kwenda vijijini na wenzake kuwahoji wazee wenye hekima, akitafuta wale wanaofikiri kwa akili zao wenyewe badala ya kurudia tu yaliyopokewa. Alichokipata kuhusu Mungu hakikuwa sauti moja. Paul Mbuya Akoko, Mluo, alisema Mungu ni mmoja kwa mataifa yote, na hoja yake ilikuwa ya mpangilio: maumbile yanafuata utaratibu mmoja, kila taifa lingekuwa na Mungu wake pangekuwa na fujo. Oruka Rang'inya, baba mzazi wa profesa mwenyewe, alisema ni makosa kumfanya Mungu kama mtu. Mungu ni wazo, wazo la wema. Na mzee Njeru wa Kinyenje akamkana Mungu waziwazi, akaiita dini uchawi wa wazungu. Wazee watatu, hakuna hata mmoja aliyepata shaka au imani yake katika chuo cha Ulaya. Baba mdogo alikuwa na ukoo wa namna hiyo pia.

Hii haina maana kwamba naitamani Kenya isiyo na madhabahu, la. Mambo mawili ya karibuni yananizuia kusema kirahisi upande wowote. Mwaka 2023, msituni Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula hadi wafe ili wamwone Bwana. Hapo serikali ilisikia lugha ya dini ikazamia kwenye heshima mpaka ikasahau kuuliza swali la kawaida kabisa: watoto wanakula? Halafu Novemba 2024, Askofu Mkuu Katoliki wa Nairobi aliagiza mamilioni yaliyotolewa na Rais kanisani yarudishwe. Vijana walikuwa wamepiga kelele miezi mitano kwamba madhabahu si jukwaa la siasa, na kanisa likatoa kwa lugha yake yenyewe, si ya kukopa, jibu ambalo hata asiyeamini aliliheshimu. Lugha ni ile ile. Kwanza iliua, kisha ikasimama wima. Ndiyo maana siwezi kumwelewa mtu anayetaka lugha hiyo isikike tu bila kupimwa, wala anayetaka inyamazishwe.

Kuna picha moja ninayoishika nikichanganyikiwa. Karibu na kwetu kuna Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyopandiana, jiwe la mke wa kwanza. Waumini wa kanisa la Legio Maria na wengine huenda kusali katika mapango yake. Utakuta nta ya mishumaa imegandia kwenye mwamba na vitambaa vimefungwa. Baba mdogo alikuwa akileta wanafunzi kutoka Nakuru kupima urefu wa jiwe kwa kivuli. Unasimamisha kijiti, unapima kivuli chake, unapima kivuli cha jiwe, unafanya uwiano. Mara moja nilikuwamo. Tulifika tukakuta akina mama wenye kanzu nyeupe na rozari wakiimba pale pale kivuli kilipoangukia. Kivuli hakingoji; kila dakika kilisogea na hesabu ikabadilika. Baba mdogo alituketisha nyasini, akavua kofia, akaiweka gotini. Tulingoja karibu saa nzima. Walipomaliza, mama mmoja alimjia akamwuliza tunafanya nini na kijiti. Akamweleza. Yule mama akashika ncha ya utepe wa kupimia, akautembeza hadi mwisho wa kivuli, akatuita namba kwa sauti.

Siku ya mazishi niliyatafsiri yote mpaka ukurasa wa tano: wasifu, salamu za chifu, salamu za shule. Nilipofika wa sita nikatangaza kwa lugha mbili: tutanyamaza dakika moja. Jenereta ilizimwa. Zaidi ya watu mia tatu chini ya mahema, na hakuna mtu aliyetufundisha kunyamaza. Katika mazishi yetu ukimya ni dalili kwamba maiki imeharibika. Sekunde kumi na tano hivi zilipita. Kisha bibi mmoja nyuma, mkwe wa mbali, akaanza wimbo wa kuomboleza kwa sauti ya chini kabisa, na wengine wakamshika. Mzee wa programu alinitazama: nitafsiri, ninyamazishe, au? Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa amefumba macho, naye haimbi, midomo imefungwa kabisa. Yeye peke yake pale ndiye aliyekuwa ananyamaza kwa ajili ya mumewe kama alivyoomba. Nikaishusha maiki. Wageni wa Nakuru wakauliza baadaye wimbo ulisema nini. Nikawaambia, nao nikawaambia pia kwamba mwenyewe hakuutaka. Niliona ni lazima waondoke na vyote viwili.

Wiki ya pili, kabla sijarudi Nakuru, chifu msaidizi aliniomba niandike kumbukumbu za baraza. Kaunti ilikuwa inakusanya maoni ya wananchi kuhusu kisima kipya na bei ya maji. Kwa miaka nimeandika kumbukumbu za namna hiyo, na najua desturi: mtu akisema kwa machozi dakika kumi, unaandika "Mwananchi alieleza wasiwasi kuhusu gharama." Mzee mmoja alisimama kwa mkongojo akasema maji ni ya Nyasaye, yaani Mungu kwa Dholuo, hayauzwi kwa mwenye kiu, na anayefunga mfereji ng'ombe wa jirani wakitazama amejifungia mvua mwenyewe. Watu wakaitikia.

Niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Chini yake nikaandika: Anaomba kaya zisizo na uwezo zisitozwe, na birika la mifugo liwe bure kwa wote. Kisha, kwa kuwa mama mmoja kijana alikuwa amesema yeye haoni Mungu anaingiaje hapa, bomba linahitaji kutengenezwa na fundi hulipwa, nikaandika na yake, kwa maneno yake, karibu na ya mzee.

Karani wa kaunti alizipitia karatasi zangu akiwa ameegemea pikipiki. Alifika kwa mzee, akasoma mara mbili, akaweka kidole pale kwenye Nyasaye.

"Mwalimu," akasema, "hii niiweke chini ya bei au chini ya mazingira?"